Meli Ikifunga Gati Antofagasta: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Dar

Kila mwaka ikifika Oktoba simu huanza. Kuna kijana wa Temeke kapata mkataba kwenye meli ya kitalii, kuna mama wa Mbezi kalipiwa safari na mwanawe aliye Canada, na wote wameshika karatasi yenye orodha ya bandari. Valparaíso wameisikia. Lima wanaijua. Halafu wanakutana na Antofagasta, asubuhi mpaka jioni, na hapo ndipo wananipigia: hapo napo kuna nini? Nimefanya kazi ya ustewadi melini, pale nimeshuka mara nne, na koo limechoka kurekodi majibu yaleyale kwenye WhatsApp. Nayaweka hapa yote.

Antofagasta iko wapi, na meli inafuata nini huko?

Iko kaskazini mwa Chile, kwenye pwani ya Pasifiki, kusini kidogo ya Tropiki ya Kaprikoni. Mbele bahari, nyuma Jangwa la Atacama. Wakazi wanapita laki tatu na nusu. Meli zinazotembea kati ya Callao ya Peru na Valparaíso au San Antonio zina mwendo mrefu wa pwani kavu, na hii ni moja ya bandari chache kubwa za kupumzikia njiani.

Ukiiona alfajiri kutoka sitahani, ni milima ya rangi ya udongo isiyo na hata mti mmoja, na nyumba zimepandiana mlimani mpaka zinakoma ghafla. Abiria wengi husimama na kikombe cha kahawa, wanasema "hamna kitu", wanarudi kulala. Wewe usirudi kulala.

Kwani ni kweli hamna kitu?

Anayetafuta minazi na ngoma hatazipata. Ila mtu wa Dar ana faida ambayo mtalii wa Florida hana, kwa sababu mji huu ni ndugu wa kwetu. Umewahi kukaa kwenye foleni Barabara ya Mandela nyuma ya semitrela iliyopakia vibamba vizito vya shaba vilivyofungwa pamoja? Ile ni shaba ya Zambia na Kongo inakuja kutafuta meli bandarini kwetu. Antofagasta inaishi kwa kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba shaba ni ya kwao wenyewe. Karibu robo ya shaba yote inayochimbwa duniani hutoka Chile, na sehemu kubwa hutoka kwenye hilo jangwa unaloliona nyuma ya nyumba.

Na kama Zambia isivyo na bahari ikatutegemea sisi na reli ya TAZARA, Bolivia nayo haina bahari na hupitisha mizigo yake Antofagasta. Ila hapa hadithi ina uchungu. Kabla ya 1879 mji huu ulikuwa wa Bolivia.

Chanzo kilikuwa shura, ile chumvi ya ardhini inayotengenezwa mbolea na baruti. Jangwa lilikuwa limejaa shura, na waliokuwa wakiichimba walikuwa kampuni yenye mtaji wa Wachile na Waingereza, kwenye ardhi ya Bolivia. Mwaka 1878 Bolivia ikaweka kodi ya senti 10 kwa kila kwintali, yaani kama kilo 46. Kampuni ikagoma kulipa. Bolivia ikapanga kuipiga mnada mali ya kampuni tarehe 14 Februari 1879, na siku hiyohiyo askari wa Chile wakashuka ufukweni. Vita ikaivuta na Peru ndani. Ilipokwisha, Bolivia haikubaki na hata hatua moja ya pwani. Mkataba wa 1904 uliipa haki ya kupitisha mizigo bure kwenye bandari za Chile, basi. Ilikwenda hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2018 majaji wakasema Chile hailazimiki kujadiliana nayo kuhusu kuipatia njia ya baharini. Mpaka leo Bolivia ina jeshi la majini, linafanya kazi ziwani Titicaca na kwenye mito, na kila tarehe 23 Machi wanaadhimisha Siku ya Bahari. Kwa hiyo ukiongea na muuza duka Mbolivia, na wapo wengi, usianze na swali hilo.

Shura yenyewe nayo haikudumu. Wajerumani waligundua namna ya kutengeneza mbolea kutokana na hewa, soko likaanguka, na miji ya wachimbaji ikabaki mahame jangwani. Mmoja unaitwa Chacabuco, kama kilomita 100 kutoka pwani: ulifunguliwa 1924 na haukumaliza hata miaka 20. Baada ya mapinduzi ya 1973 serikali ya kijeshi ya Jenerali Pinochet iliugeuza kambi ya wafungwa. Enzi za shura kibarua alikuwa akilipwa kwa vibati vya kampuni, vinavyokubaliwa kwenye duka la kampuni tu. Wazee wa Tanga waliofanya kazi ya mkonge kwa kipande hawahitaji kuelezewa zaidi.

Jangwa, halafu baharini? Nibebe nguo gani?

Hili huwachanganya watu. Wanadhani jangwa ni joto la kukaanga mayai. Baharini pale unapita mkondo wa Humboldt, maji baridi yanayopanda kutoka kusini, na hewa juu yake haipandi vya kutosha kufanya wingu la mvua. Upande wa pili milima ya Andes inazuia unyevu wa bara. Kwa hiyo mvua hakuna, miaka mingine hata tone, lakini joto nalo si kubwa: Januari nyuzi 24 hivi mchana, Julai chini ya hapo, jioni upepo wa kukutafutia sweta. Asubuhi kuna ukungu wenyeji wanauita camanchaca, unaofunika vilima kisha unayeyuka.

Mtu anayetoka Dar ya Februari, shati limeganda mgongoni, atapumua. Hatari ni jua. Kwa kuwa hutoki jasho hujui kama unaungua. Kofia, miwani, mafuta ya kukinga jua, na maji. Ngozi nyeusi nayo huungua, mimi ni shahidi.

Kuogelea? Maji ni ya baridi kuliko unavyofikiri. Mtoto wa Kigamboni akijirusha mle atatoka na maneno mapya.

Mvua hainyeshi kabisa?

Karibu kabisa, na hapo ndipo ilipo balaa. Mji usiozoea mvua haukujengwa kwa ajili yake. Usiku wa tarehe 18 Juni 1991 ilinyesha mvua ambayo sisi huku tungeiita ya kawaida ya Aprili, matope yakashuka kwenye makorongo ya mlimani, na watu zaidi ya 90 walikufa. Sisi tuna Jangwani inayofurika kila masika. Wao wana jangwa la kweli, na mara moja lilifanya kama Jangwani yetu.

Viza nahitaji?

Mwenye pasi ya Tanzania anahitaji viza ya Chile. Ubalozi wao wa karibu nasi uko Nairobi, kwa hiyo anza mapema, miezi kadhaa kabla. Usikubali mtu akuambie "utapata bandarini". Wakala mmoja hapa mjini alimwambia hivyo mama mmoja ninayemfahamu. Mama wa watu alikaa melini bandari tatu mfululizo akiangalia Chile dirishani, na mkwewe ndiye aliyempigia picha. Tena huyo alikuwa na bahati, maana kampuni nyingine za meli hazikupandishi kabisa kama huna viza ya kila nchi iliyo njiani, hata ukiapa hutashuka.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, hata kama hawataiomba. Ndugu zangu mnaokwenda kufanya kazi, mambo ya kushuka yanapangwa na ofisi ya wafanyakazi melini. Sikiliza wao, usinisikilize mimi.

Naweza kushuka na korosho zangu?

Bibi, hapana. Chile inalinda mashamba yake kwelikweli. Idara yao ya kilimo na mifugo, SAG, inakagua matunda, mbegu, asali, nyama, maua, mpaka vitu vya mbao, na mbwa wa kunusa wapo. Unajaza fomu ya kiapo. Ukisema unacho, watakiangalia na pengine kukichukua, mambo yanaishia hapo. Usiposema na wakakikuta, ni faini. Wanaonaswa zaidi si wenye korosho, ni waliobeba tofaa la melini ili wakale njiani. Acha tofaa.

Saa za huko na za nyumbani zinapishanaje?

Swali hili nalipenda. Kuanzia mwanzo wa Septemba hadi mwanzo wa Aprili, ambao ndio msimu wa meli, Chile iko nyuma yetu kwa saa 6. Sasa angalia: saa ya ukutani Antofagasta ikionyesha 8 asubuhi, Dar ni saa nane mchana. Ikionyesha 9, Dar ni saa tisa alasiri. Yaani namba unayoiona kwao ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani, bila hesabu yoyote. Nilipogundua hivyo nikaacha kumwamsha mke wangu usiku wa manane. Miezi mingine tofauti inakuwa saa 7 na raha hiyo inaisha.

Tahadhari moja: saa ya kufuata siku hiyo ni ya meli, si ya simu yako. Wakati wa mwisho wa kurudi umeandikwa kwenye ngazi. Ngazi ikiinuliwa imeinuliwa.

Natokaje bandarini?

Kwa basi. Gati liko katikati ya shughuli, winchi na malori yanafanya kazi, na kutembea kwa miguu ndani hakuruhusiwi. Basi la bure linakushusha getini. Kabla ya hapo chungulia dirishani: mara nyingi utaona shaba imepangwa wazi kama matofali ya rangi ya machungwa yaliyokolea, inasubiri meli. Kwangu mimi hicho ndicho kivutio cha kwanza cha Antofagasta, na hakina kiingilio.

Getini umeshafika mjini. Jengo kubwa la maduka liko jirani, na huko ndiko nusu ya abiria wanakoishia, wanakunywa kahawa ileile waliyoiacha melini. Uwanja mkuu, Plaza Colón, unafikika kwa miguu kwa dakika chache.

Nina saa sita tu. Niende wapi?

Hapa watu hukosea kwa kutaka vyote. Chagua kimoja cha mbali na vya mjini viwili, halafu tulia.

Cha mbali cha kwanza ni La Portada, kama kilomita 18 kaskazini: tao la mwamba lililosimama peke yake baharini, urefu wa mita 43. Chini ni jiwe jeusi la volkano, juu tabaka za manjano za mchanga na makombe ya kale, na bahari ndiyo iliyolitoboa. Unaliangalia kutoka juu ya genge, maana njia ya kushuka ufukweni ilifungwa kwa sababu mawe yanaporomoka. Usiruke uzio kutafuta picha. Ukipata dereva mwelewa, mwombe akusogeze mpaka mnara wa Tropiki ya Kaprikoni, karibu na uwanja wa ndege. Dar jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka. Pale linafika mara moja tu, tarehe 21 au 22 Desemba, kisha linageuka kurudi kwetu. Ni nguzo tu, lakini mimi nilisimama chini yake nikahisi niko mwisho wa barabara ya jua.

Cha mbali cha pili ni Mkono wa Jangwani. Kila mtu ameuona mtandaoni: vidole vitano vya saruji vimetoka ardhini, urefu wa mita 11, kazi ya mchongaji Mario Irarrázabal, ulizinduliwa 1992. Uko kama kilomita 75 kusini, kando ya barabara kuu ya Panamericana. Hesabu karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na ukifika hakuna duka, hakuna kivuli, hakuna choo. Nimekwenda mara moja. Mkono wenyewe ni dakika ishirini. Kilichonishika ni barabara, kwa sababu sijawahi mahali pengine kuona nchi isiyo na hata jani la kudanganyia macho, na nilikaa kimya njia nzima, jambo ambalo wenzangu bado wananikumbusha. Ukienda, changeni teksi watu wanne, mpatane kwenda na kurudi na muda wa kusubiri kabla hamjaingia garini, na msiende kama meli inaondoka mapema.

Ushauri wangu: La Portada kama una mtoto au mzee, Mkono kama u kijana na meli inaondoka jioni.

Vya mjini sasa. Magofu ya Huanchaca yako kusini mwa mji, safari fupi ya teksi. Ni kuta za mawe zilizopanda mlimani kwa ngazi ngazi, ukiziona utadhani ngome ya wafalme wa kale. Kumbe ni kiwanda cha kuyeyushia madini ya fedha, kilijengwa kati ya 1888 na 1892 na kampuni ya Huanchaca ya Bolivia. Mawe ya fedha yaliletwa kwa treni kutoka mgodi wa Pulacayo, juu kabisa milimani. Kilifanya kazi miaka kumi tu: bei ya fedha ilishuka, maji yakaingia mgodini, na 1902 kikafungwa. Hapohapo kuna makumbusho ya jangwa, madogo na mazuri. Ukitaka kuelewa mji huu kwa kuona kitu kimoja, ona hiki: mtaji mkubwa, mawe mazuri, miaka kumi, kwisha.

Kingine ni eneo la zamani karibu na bandari: jengo la forodha la mbao ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa, gati la zamani la shura la 1872, stesheni ya reli, na Plaza Colón yenye mnara wa saa. Mnara ule ni zawadi ya Waingereza wa pale kwa miaka 100 ya uhuru wa Chile, iliyotimia 1910, na umefanana na ule wa London kama mtoto na baba. Waingereza ndio waliokuwa na reli. Treni za mizigo bado zinakatiza mjini. Za abiria hazipo, kwa hiyo usiende stesheni kuulizia tiketi kama nilivyofanya.

Makumbusho mengi ya Chile hufungwa Jumatatu. Na meli yako ikifika tarehe 1 Januari, 1 Mei, 18 au 19 Septemba au 25 Desemba, sheria inafunga maduka karibu yote, kwa hiyo panga kutazama mandhari siku hiyo.

Mgodi wa shaba naweza kuuona?

Kwa siku moja ya meli, sahau. Escondida, mgodi ulioanza 1990 na unaotoa shaba nyingi kuliko wowote duniani, uko kama kilomita 170 ndani, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Ukitoka usawa wa bahari ukapanda huko kwa mkupuo, kichwa kitakuuma mpaka ujute. Chuquicamata, lile shimo kubwa maarufu, liko karibu na Calama, zaidi ya kilomita 200. Unachoweza kuona ni mwisho wa safari: shaba ya unga kutoka Escondida husukumwa pamoja na maji ndani ya bomba, ikashuka yenyewe mpaka bandari ya Coloso kusini mwa mji. Barabara ya pwani inafika upande huo.

Na utawaona wachimbaji. Kazi zao ni za zamu, siku kadhaa juu mgodini na siku kadhaa nyumbani. Siku za kubadilishana zamu mji unajaa vijana wenye mabegi na pesa, na bei za vitu ni za mji wa mgodi. Watu wa Geita na Kahama wanajua.

San Pedro de Atacama je?

Zaidi ya kilomita 300. Hapana.

Na zile darubini kubwa?

Kituo cha Paranal kiko kama kilomita 120 kusini, na ni moja ya sehemu bora duniani za kutazama nyota. Hupokea wageni siku za Jumamosi kwa kujiandikisha mapema. Meli yako ikiangukia Jumamosi na una gari la uhakika, jaribu. La sivyo, usiku meli ikishaondoka panda sitaha ya juu kabisa, mbali na taa.

Chakula kikoje? Kuna halali?

Kimbilia samaki. Kwenye soko la wavuvi, ambalo ukilifikia utasema umefika Feri isipokuwa lugha, wapo simba wa bahari wakubwa kama ng'ombe wakigombea matumbo ya samaki, na ndege aina ya mwari wamesimama kama madalali. Wananuka. Simba wa bahari, nasema. Usiwasogelee kwa picha, wanauma. Agiza reineta wa kukaanga, au ceviche, yaani samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu na kitunguu. Mtu wa pwani ya kwetu hushtuka kijiko cha kwanza, cha pili anaomba mkate.

Empanada ni kama sambusa aliyenenepa. Ya nyama ina kitunguu, yai na zeituni ndani. Parachichi wanalipaka kwenye kila kitu, hata soseji ya mkate wanayoiita completo.

Kwa Waislamu: nguruwe ni wa kawaida sana kule, na mafuta yake huingia hata kwenye mikate, kwa hiyo mkate wa mtaani usiuchukulie poa. Sema "sin cerdo", bila nguruwe, na "sin manteca", bila mafuta ya nguruwe. Samaki wa kuchoma na matunda vitakuvusha siku bila wasiwasi. Mgahawani wanapendekeza bahashishi ya asilimia 10 juu ya bili. Si lazima, ila karibu kila mtu hulipa.

Pesa ni peso. Miaka ya karibuni dola moja imekuwa ikicheza kati ya peso 800 na 1,000, kwa hiyo usizimie ukiona chakula cha elfu kumi. Mwenye kuzoea shilingi hatapata taabu na sifuri.

Maji ya bomba yananyweka?

Mji huu unakunywa bahari. Tangu 2003 upo mtambo wa kuondoa chumvi, na sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka humo. Zamani yaliletwa kutoka mito ya milimani, na kuanzia 1958 chanzo kilichotumika kilikuwa na arseniki nyingi mno. Watu waliyanywa hivyo mpaka 1970 mtambo wa kuisafisha ulipojengwa, na saratani zilizotokana na miaka ile zimefuatiliwa na madaktari kwa miongo mingi. Leo ni habari nyingine, ila wenyeji wengi bado hununua ya chupa, na mgeni wa siku moja afanye vivyo hivyo.

Kihispania sijui hata neno. Nitafanyaje?

Unajua zaidi ya unavyodhani. Meza ni *mesa*, bendera ni *bandera*, mvinyo ni *vino*. Mreno alizimwaga kwetu maneno hayo karne nyingi zilizopita, na Kihispania ni jirani yake. Irabu zao ni tano, a e i o u, zinatamkwa kama zetu, ndiyo maana Mswahili akisoma kibao kwa sauti wanamwelewa kuliko Mwingereza. Utakaposhindwa ni kuwasikia. Wachile wanaongea mbio, wanameza herufi s, na kila sentensi wanaitia "po" mwishoni, kama sisi na "bwana". *Sí, po.* Kiingereza bandarini kipo, mitaani ni kidogo.

Usalama? Na mtu mweusi anaangaliwaje?

Simu usiishike mkononi barabarani, begi liwe mbele, vilimani usipande kutafuta mandhari. Ukiweza Kariakoo utaweza Antofagasta.

La pili nalijibu bila kuzunguka. Shaba imevuta wahamiaji wengi, Wabolivia, Waperu, Wakolombia, na miongoni mwa Wakolombia wako wengi weusi. Kwa hiyo hutakuwa kioja. Watakusemesha Kihispania wakidhani unatoka Kolombia, na kinyozi mmoja alinibishia kabisa kwamba mimi ni wa huko. Upande mwingine, uhamiaji ni mjadala mkali kule na wapo wasiowapenda wahamiaji. Mara moja mlinzi alinifuata nyuma dukani tangu mlangoni. Nilipotoa kitambulisho cha meli uso ukabadilika. Kitambulisho kibebe.

Matetemeko?

Yapo. La tarehe 30 Julai 1995 lilikuwa na ukubwa wa 8.0. Utaona vibao vya kukimbilia mlimani tsunami ikija. Fanya mazoea ya kuangalia mshale unaelekea wapi unapokaa kula, basi. Ardhi ikitikisika kwa nguvu mpaka ukashindwa kusimama, usingoje king'ora, panda.

Mama ana miaka 70 na anatembea na fimbo.

Katikati ya mji ni tambarare, na Plaza Colón ina mabenchi na kivuli, miti ikinyweshwa kwa mkono. Mama apelekwe La Portada kwa teksi, arudi, akae uwanjani ale barafu. Huanchaca atazame kutoka chini, zile ngazi si zake. Mwambieni shikamoo yangu.

Meli yetu haifiki Antofagasta, inafika Iquique. Haya yanafaa?

Kwa kiasi kikubwa. Iquique ni pwani ileile na shura ileile, na ina jambo moja bora: miji ya shura ya Humberstone na Santa Laura, iliyowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005, iko chini ya saa moja kwa gari. Nenda moja kwa moja huko. Pia kuna eneo huru la biashara linaloitwa Zofri, lililojaa magari yaliyotumika kutoka Japani yanayosubiri wateja, wengi wao Wabolivia. Utajihisi uko yadi za Dar.

Zawadi ninunue nini?

Jiwe la bluu la lapislazuli ni zuri, ila bei yake ni ya kujipanga. Chumvi na mawe ya jangwani usiokote. Vitu vya shaba vinauzwa kila kona, sahani, vikombe, bangili, angalia uzito kabla ya kulipa kwa sababu vingine ni bati lililopakwa rangi. Mimi nilimletea mama yangu kikombe cha shaba, kimefungwa kwenye soksi kutoka Pasifiki hadi Mtoni. Alikigeuza geuza, akakigonga kwa ukucha, akaniuliza nimemlipa kiasi gani fundi wa Gerezani.